Buluu ya kwenye barakoa ya Farao ni kioo kweli? Natunga shanga hapa Mwanza, naomba msaada

BintiMakoroboi

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi.

Nina meza ya mapambo pale Makoroboi, mjini Mwanza. Natunga mikufu, bangili, herini na shanga za kiunoni. Shanga zenyewe nanunua kwa jumla, za kioo na za plastiki, halafu nazichanganya na vipande vya shaba ninavyopata kwa mafundi. Juzi mama mmoja alipenda mkufu wa buluu, akauvaa, akajitazama, akaniuliza ni jiwe gani. Nikamwambia ukweli kuwa ni kioo. Akauvua palepale: "Kioo? Si chupa hiyo?" Kijana aliyefuatana naye, nadhani mwanafunzi wa chuo, akamwambia hata barakoa ya dhahabu ya Farao Tutankhamun, ile mistari ya buluu ya kilembani ni kioo. Mama hakukubali. Wakaondoka.

Jambo hili limeniingia, wakuu. Yule kijana alisema kweli? Na kama Wamisri wa kale walivaa kioo, walikivaa watu gani, na walikitengenezaje wakati huo? La mwisho ndilo kubwa kwangu: nimechoka kuuza shanga zilizotengenezwa na wengine. Nataka kutengeneza za kwangu, hapahapa, kwa vitu vya hapahapa. Inawezekana?

Naomba kuwasilisha.

---

SonaraWaMjini

Dada, usonara nimerithi kwa baba yangu, kwa hiyo nasema ninachokijua. Kito ni kile kilichotoka ardhini. Farao alikuwa na dhahabu ya Nubia, feruzi ya Sinai, akiki nyekundu ya jangwa lake mwenyewe la mashariki, na lapisi lazuli ya buluu ililetwa kwake kutoka milima ya Badakhshan, Afghanistan. Mtu mwenye vyote hivyo avae kioo kwa shida gani?

Kioo kinawekwa pale mwenye pete anaposhindwa kulipia jiwe. Wanakuja hata kwangu, nawawekea, na wanajua wamewekewa nini. Mama yule usimlaumu. Uza kioo kwa bei ya kioo na mambo yako yatakwenda.

---

MwalimuBuhongwa

Marahaba binti yangu. Na wewe Sonara, naiheshimu kazi yako, ila hapa kijana ndiye aliyesema kweli.

Nilifundisha kemia sekondari mpaka nikastaafu. Sasa nina joko dogo nyuma ya nyumba, Buhongwa, nachomea shanga. Nivumilieni nikirefuka, maana katika yote niliyofundisha hakuna lililonishika kama hili.

Anzeni na barakoa yenyewe. Ina dhahabu ya zaidi ya kilo 10. Nyusi na wanja wa macho ni lapisi lazuli halisi. Weupe wa jicho ni kwatzi, lile jiwe gumu jeupe, na mboni ni obsidiani, jiwe jeusi la volkano. Mistari ya kilemba ni kioo cha buluu. Kwa hiyo fundi alikuwa na lapisi mkononi, akaitumia kwenye nyusi, na inchi chache juu ya nyusi hizohizo akaweka kioo. Jeneza la ndani kabisa alimolazwa mfalme huyo ni la dhahabu tupu, kilo 110 hivi. Waliomzika kwa dhahabu ya kiasi hicho hawakukosa cha kununulia mawe. Walikitaka kioo. Kaburini mwake, lile ambalo Mwingereza Howard Carter, mchimbuaji wa mambo ya kale, alilifikia mwaka 1922, kulikuwa pia na kiegemeo cha kichwa cha kioo cha rangi ya feruzi, kimefungwa mshipi wa dhahabu. Hicho si kitu cha mtu aliyeshindwa kulipa.

Sababu ni kwamba kioo kwao kilikuwa kipya na kigumu kupatikana. Misri ilianza kukitumia kwa wingi karibu mwaka 1500 KK, na wakati wa Thutmose wa Tatu ndipo tunapoona vyombo vya kioo vyenye jina la mfalme. Thutmose alipigana sana upande wa Shamu (Syria na jirani zake), na ujuzi wa kioo ulikuwa umetangulia huko kaskazini, Shamu na Mesopotamia. Wake zake watatu wa kigeni walizikwa pamoja karibu na Luxor, na katika vito walivyozikwa navyo kioo kimekaa ndani ya dhahabu bega kwa bega na akiki. Wake wa mfalme, Sonara.

Halafu kuna barua. Mwaka 1887 huko Amarna, mji wa kale wa Misri, vilipatikana vibao vya udongo vilivyoandikwa, barua za kifalme za karne ya 14 KK. Katika baadhi yake watawala wa miji ya pwani ya Shamu na Palestina wanamjibu Farao aliyewaagiza kioo. Yidya, mtawala wa Ashkelon, anasema ametuma vipande 30. Farao anaandikia miji mingine kudai kioo, na anayedaiwa anahesabu vipande na kumjulisha bwana wake! Kitu cha kudharauliwa hakiandikiwi barua hivyo.

Sasa nije kwenye kutengeneza, maana hapo ndipo binti anapohitaji msaada.

Wamisri walikuwa na vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Cha kwanza ni faiensi. Siyo kioo kamili. Ni unga wa kwatzi, zaidi ya asilimia 90, uliochanganywa na chumvi ya magadi au majivu ya mimea ya chumvi, chokaa kidogo na shaba kidogo. Ukiuchoma, nje unavaa ngozi ya kioo ya buluu au kijani inayong'aa. Faiensi walikuwa nayo zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya kioo, na ndiyo iliyovaliwa na karibu kila mtu: mkulima, mfinyanzi, mtoto, malkia. Amarna kumeokotwa maelfu ya kalibu ndogo za udongo za kukandia pete na hirizi za faiensi. Mikufu mipana ya kifuani, ile mnayoiona kwenye picha za makaburini imefunika kifua chote mpaka mabegani, mingi ilikuwa shanga ndefu za faiensi zilizopangwa safu kwa safu kwenye uzi wa kitani. Enzi ya Amarna walifika mbali zaidi, wakatengeneza kila kipande kwa umbo la ua au tunda: petali za yungiyungi, tende, maua ya buluu ya shambani. Mtu anakwenda karamuni kavaa bustani ambayo hainyauki.

Cha pili ni kioo chenyewe, na hapa moto ndio unaoamua. Pale Qantir, kwenye delta ya Nile, palipokuwa na mji wa Ramses wa Pili, zilichimbuliwa kalibu za udongo zenye mabaki ya kioo ndani yake. Thilo Rehren na Edgar Pusch walizichunguza, wakatoa matokeo mwaka 2005. Kazi ilikwenda kwa hatua mbili. Kwanza kwatzi iliyosagwa na majivu vilichomwa kwa moto wa kadiri, kama nyuzi 900 hadi 950, vikashikamana kuwa kioo kibichi chenye mapovu. Hicho kilisagwa na kuoshwa kuondoa chumvi. Kisha kikatiwa rangi na kuyeyushwa tena ndani ya vyungu vya mduara kwa moto wa zaidi ya nyuzi 1000, kikatoka donge zito la duara lililo bapa juu na chini. Madonge hayohayo ndiyo yaliyosafirishwa. Kwenye pwani ya Uturuki, mahali paitwapo Uluburun, kuna meli iliyozama mwishoni mwa karne ya 14 KK. Wapiga mbizi walikuta ndani yake madonge ya kioo kama 175, mengi ya buluu, na kipimo chake kinaingia vizuri katika vyungu vya Misri.

Fundi wa vito alikuwa hatengenezi kioo ghafi. Alipokea donge, akavunja kipande, akakipasha moto, akakivuta kuwa kijiti, kisha akazungusha kioo laini kwenye fimbo nyembamba iliyopakwa udongo. Kikipoa anachomoa, shanga ipo na tundu lake. Kupuliza kioo kwa bomba hawakukujua. Huko ni kwa karne ya kwanza KK, upande wa Shamu na Palestina.

Rangi: shaba ilitoa buluu ya feruzi. Kobalti ilitoa buluu iliyoiva, ya lapisi, na walichimba shabu (aina ya chumvi ya ardhini, si shaba) yenye kobalti kwenye mabonde ya Dakhla na Kharga, jangwa la magharibi. Antimoni pamoja na chokaa ilitoa nyeupe nzito, antimoni pamoja na risasi ikatoa njano. Manganizi ilitoa zambarau. Nyekundu ilitoka pia kwa shaba, ila kwa moto ulionyimwa hewa, na hiyo hata leo inawasumbua mafundi.

Kwa hiyo mkufu wako wa buluu una ukoo mrefu, binti.

---

MjukuuWaKisesa

Mwalimu shikamoo. Nimesoma mpaka mwisho na nimeguswa.

Bibi yangu wa Kisesa alikuwa na shanga nyeupe mkononi ambazo hakuzivua hata akioga ziwani. Hazikuwa za urembo. Aliwekewa kwa ajili ya babu zake, na sisi wajukuu tulikatazwa kuzigusa. Ukienda makumbusho ya Bujora utaona shanga za aina hiyo na za wacheza ngoma, na nyingi ni za kioo zilizokuja na misafara toka pwani. Ndiyo maana nauliza: Wamisri walivaa kwa urembo tu, au na wao shanga ilikuwa na kazi? Na hizo zao zilisafiri hadi wapi?

---

SonaraWaMjini

Mwalimu, hilo la nyusi na kilemba nimelitafakari, nimeangalia na picha. Hoja ina uzito.

Nina swali la kifundi. Unasema kioo kimekaa ndani ya dhahabu. Walikiyeyushia mlemle kwenye vyumba vya dhahabu? Kama walifanya hivyo moto ungetafuna kuta, maana zile kuta ni nyembamba mno. Mimi nikichomelea tu kifuniko cha pete napata taabu.

---

MwalimuBuhongwa

Marahaba mjukuu wa Kisesa.

Kazi ilikuwepo, tena huwezi kutenganisha kazi hiyo na urembo. Jicho la mungu Horus lilivaliwa kwa kinga na uzima. Dundu, yule anayebingirisha mavi, kwao alikuwa alama ya jua kuzaliwa upya kila asubuhi, na walimvaa kwenye pete, mkufuni, hata kifuani mwa maiti. Mama mjamzito alivaa Taweret, mungu mwenye mwili wa kiboko, na sisi watu wa ziwa hatuhitaji kuelezwa kwa nini kiboko jike mwenye mtoto alichaguliwa kuwa mlinzi. Bes, yule mfupi mwenye uso wa kutisha, alilinda watoto na usingizi. Hirizi hizi utazikuta kwa faiensi, kwa mawe, na baadaye kwa kioo. Rangi nayo ilisema kitu: kijani ilikuwa mimea inayochipua na uhai unaorudi, buluu ilikuwa anga na maji. Miaka mingi baada ya Tutankhamun walizoea kufunika maiti zilizokaushwa kwa wavu mzima wa shanga za faiensi za buluu, kutoka mabegani hadi miguuni.

Lile la bibi yako kutovua hata ziwani wangelielewa kabisa.

Zilisafiri mbali. Mwaka 2014 watafiti wa Denmark na Ufaransa walitoa taarifa ya shanga za kioo zilizopatikana kwenye makaburi ya zamani huko Denmark. Ipo moja ya buluu, kutoka kaburi la mwanamke mahali paitwapo Ølby, na vipimo vya kemikali vikaonyesha kioo chake ni cha Misri, cha aina ileile ya enzi ya Tutankhamun. Kutoka Nile mpaka kaskazini mwa Ulaya, mkono kwa mkono, zaidi ya miaka 3000 iliyopita.

Na kuna kioo kimoja ambacho Wamisri hawakukitengeneza kabisa. Kwenye pambo la kifuani la Tutankhamun, katikati, kuna dundu wa njano hafifu. Carter alidhani ni jiwe la jamii ya akiki. Miaka ya 1990 ndipo Mwitalia Vincenzo de Michele alipolipima, ikabainika ni kioo cha jangwani, kile kinachookotwa karibu na mpaka wa Libya, kilichoyeyushwa na joto kubwa sana kama miaka milioni 29 iliyopita. Mtu alitembea jangwani huko, akaokota, ikaletwa kwa fundi, ikachongwa. Mama wa Makoroboi angeambiwa hilo sijui angesema nini kuhusu "chupa".

Sonara, swali lako ni la fundi kweli, na umeona mwenyewe tatizo. Hawakuyeyushia mle. Katika vito vya wakati ule walijenga vyumba kwa vipande vyembamba vya dhahabu vilivyosimamishwa wima, wakavichomelea kwenye bamba. Kioo kilikatwa kikiwa baridi, kikasuguliwa mpaka kikaingia sawasawa kwenye chumba chake, kisha kikashikizwa kwa gundi. Kazi ileile waliyoifanya kwa akiki na feruzi. Kwa fundi yule kioo kilikuwa jiwe jingine la kukata, lenye faida moja kubwa: lapisi ina madoa meupe na chembe za njano, na huwezi kuiamuru iwe ndefu. Kioo unapata mstari mrefu wenye rangi moja mwanzo hadi mwisho. Rudi kwenye kilemba utaona kwa nini pale kilifaa.

---

BintiMakoroboi

Mwalimu shikamoo tena, na asante sana. Kaka Sonara na ndugu wa Kisesa asanteni. Nimenakili yote haya kwenye daftari.

Sasa naomba nisaidiwe kuanza. Chupa zipo tele, hapa mjini zinatupwa kila siku. Au nianze na hiyo faiensi? Moto wa mkaa unatosha? Magadi unayosema ni haya ya kupikia? Sina mtaji mkubwa ila nina uvumilivu.

---

MwalimuBuhongwa

Marahaba binti.

Anza na faiensi. Wamisri wenyewe walianzia hapo, na itakufundisha moto kabla hujaugua moyo kwa shanga za chupa zilizopasuka.

Magadi ni hayahaya ya sokoni, yanayotiwa kwenye maharage na wengine kwenye ugoro. Ni ndugu wa ile natroni waliyokuwa wakiichota Wadi Natrun na kukaushia maiti. Usiyatumie yalivyo, yana udongo. Yayeyushe kwa maji ya moto, yaache yatulie, chuja kwa kitambaa, kisha chemsha maji yakauke. Utapata chumvi nyeupe.

Kwatzi tunayo. Watu wa Mwanza tumezoea kuangalia majabali yetu kama mandhari tu, lakini ndani ya miamba ile, na kando ya njia, yapo mawe meupe ya kwatzi. Usitumie mchanga wa ufukweni, una chuma na vitu vingine, rangi itachafuka. Pasha mawe moto mpaka yawe mekundu, yatupe kwenye maji ya baridi ukiwa umesimama mbali, yatapasuka na kusagika kirahisi. Saga ukiwa umelowesha, na ufunge pua na mdomo kwa barakoa nzuri, kwa sababu vumbi la kwatzi likikaa kwenye mapafu halitoki. Hili silisemi kwa kupamba maneno. Wachimbaji wengi limewamaliza.

Na jambo jingine nakuonya kwa nguvu. Atatokea mtu wa Geita akuuzie unga wa kwatzi uliokwisha kusagwa, yale marudio ya dhahabu, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kutolewa dhahabu. Bei itakuwa rahisi sana. Usichukue. Yana zebaki, na ukiyachoma kwenye joko utaivuta wewe na watoto wa jirani.

Shaba: chukua waya wa umeme wa shaba nyekundu, umenye plastiki yake kwa kisu, usiichome. Pasha waya mpaka uote magamba meusi, kwangua magamba, saga. Hiyo ndiyo rangi yako ya feruzi. Kobalti, antimoni na risasi achana nazo, sitaki uziguse jikoni kwako.

Kipimo ninachotumia: unga wa kwatzi sehemu kama tisa, chumvi ya magadi sehemu moja, chokaa kidogo, magamba ya shaba sehemu mbili katika mia. Ongeza udongo mweupe wa mfinyanzi kiasi cha kushika. Tia maji kidogo kidogo. Utapata kitu kama kinyunya cha chapati kinachogoma kuvutika, kinakatika ukikikunja, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Usiongeze maji. Kibonyeze kuzunguka kijiti cha nyasi kavu, kikate vipande. Nyasi itaungua ndani ya joko na kuacha tundu. Wamisri walifanya hivyohivyo.

Kisha anika, na hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Maji yanapotoka yanabeba chumvi na shaba hadi juu, na shanga inaota ukungu mweupe. Ukungu huo ndio utakaoyeyuka kuwa ngozi ya kioo. Ukiushika kwa vidole umeufuta, na pale ulipogusa patatoka pakavu bila kung'aa. Kwa hiyo zianike zikiwa kwenye waya, na uzibebe kwa waya uleule mpaka kwenye joko.

Mkaa unatosha ukiwa na mivuo au feni ndogo. Unatafuta nyuzi 900 hivi. Ndani ya joko panakuwa rangi ya chungwa lililoiva. Usifungue mpaka limepoa lenyewe. Ukifungua usiku ule ule kwa hamu, utapata vipande.

Chupa zije baadaye. Wakrobo wa Ghana ndio wa kujifunza kwao: wanasaga chupa kuwa unga, wanaujaza kwenye kalibu za udongo, na katikati ya kila tundu wanachomeka kikonyo cha jani la muhogo, ambacho kinaungua na kuacha njia ya uzi. Vikonyo vya kisamvu hatujakosa. Kanuni yake moja: usichanganye chupa za aina tofauti ndani ya shanga moja. Kila kioo kinanywea kwa namna yake kikipoa, na vikivutana shanga inapasuka, wakati mwingine baada ya wiki, ikiwa tayari shingoni mwa mteja. Na zipoe polepole sana, zikiwa zimefukiwa kwenye majivu ya moto.

---

SonaraWaMjini

Dada, ukifanikiwa kupata hizo za faiensi niletee chache. Nataka nijaribu kukata vyumba kwenye shaba nyembamba tuone zitakaaje, kwa namna alivyoeleza mwalimu. Gundi na kusugua niachie mimi.

---

BintiMakoroboi

Kaka nitakuletea. Mwalimu, naweza kuja Buhongwa kuona joko linavyowashwa? Nije na nini?

---

MwalimuBuhongwa

Njoo Jumamosi asubuhi, mke wangu atakuwepo, na uje na mwenzako kama unapenda. Nitakuandikia kwa faragha jinsi ya kufika.

Lete mawe meupe ya kwatzi, ndoo ndogo inatosha, uyachague mwenyewe: ukiona jiwe lina mishipa ya kutu liache. Lete nusu kilo ya magadi na waya wa shaba kiasi cha kiganja. Barakoa ya vumbi ununue nzuri dukani, ya kitambaa haitoshi. Mkaa upo. Na uje na ule mkufu wa buluu, nitakuonyesha kwa lenzi jinsi kioo kilivyozungushwa kwenye fimbo. Kwenye shanga zilizotengenezwa kwa mkono mistari yake inaonekana wazi kuzunguka tundu, na kwenye zako tutaangalia kama ipo.